Maziwa ya Ngamia Kwenye Mdomo wa Ndege

Wenzangu wakikaa kuhadithiana aibu zao, huyu alijikwaa kwenye zulia la maharusi akaenda chini na keki, yule meno yake ya bandia yalimtoka katikati ya maombi, nami hucheka nao kwa sauti kubwa nikitumaini kwamba zamu yangu itasahaulika. Haijawahi kusahaulika. Basi afadhali niiandike mwenyewe, maana kila inaposimuliwa na wengine huongezwa chumvi, na wallahi (nilijifunza kuapa hivyo hukohuko) haihitaji chumvi: mimi, mwalimu mwenye shahada, niliirudisha ndege nzima kutoka angani kwa sababu ya maziwa ya ngamia, mbele ya Garissa yote, siku ambayo kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu nilitaka kufika Nairobi.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya shifta, waasi wa kaskazini mashariki mwa Kenya. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Kampala na shahada ya jiografia, nikiamini kwamba serikali ingenipa ofisi yenye feni, na serikali ikanipa ubao, chaki na Garissa. Barabara ya kwenda Nairobi ilipitika kwa msafara wa malori na askari tu, na msafara wenyewe ulikuwa unakanyaga mabomu ya kutegwa mara kwa mara, kwa hiyo sisi watu wa bara, yaani makarani, walimu na askari, tulikuwa tunakaa huko mwezi baada ya mwezi tukiangalia upande wa magharibi kama ng'ombe waliofungiwa zizini. Jua likizama, amri ya kutotoka nje ilianza. Mimi nilikuwa nalalamikia upweke. Majirani zangu Wasomali, waliokuwa wakidaiwa kipande cha utambulisho kila kona na kuhesabiwa mifugo yao kama watuhumiwa, walikuwa na mambo mazito zaidi ya kulalamikia, na bado ndio walioniuliza kila asubuhi kama nimelala vizuri.

Sikuwa nalala vizuri. Kule Machakos kulikuwa na msichana anaitwa Mwende. Tulikuwa tumejuana tangu sekondari, tulikuwa tumeandikiana barua nyingi ambazo sasa nikizikumbuka naona haya mpya, na katika barua zote hizo sikuwahi kumwuliza swali moja lililokuwa likinikaba. Si kwamba niliogopa (niliogopa), bali ni kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuniambia, tukiwa tumesimama kwenye kituo cha basi, "Kuna maswali mtu haandiki, Mutua. Anakuja." Halafu akapata nafasi ya kusomea uuguzi Uingereza. Miaka mitatu, pengine minne. Angeondoka Nairobi Jumamosi jioni, kwa ndege kubwa inayopitia Entebbe, na kama nilikuwa na swali, Jumamosi ile ilikuwa ndiyo siku ya kuja.

Basi nikatafuta ndege. Kulikuwa na rubani mmoja Mhindi mwenye kilemba na ndevu nyeupe, tulimwita Kapteni Singh, aliyekuwa akituletea dawa na barua kwa kandege ka serikali ka injini moja, ka mbao na turubai, kalikokuwa kazee kuliko mimi. Alikuwa rubani, fundi na mchukuzi wa kandege hako, na alikazungumzia kama mtu anavyomzungumzia mke wake mkorofi. Nikamsihi wiki mbili. Mwishowe akasema, "Sawa, mwalimu. Jumamosi narudi tupu. Veve kuja, lakini hapana leta sanduku kama ya bibi harusi."

Sikuleta sanduku. Nilileta maziwa.

Hapo lazima niwaeleze habari ya Eedo Habiba. Eedo kwa Kisomali ni shangazi, na huyu mama, aliyekuwa rika la mama yangu, alikuwa akiuza maziwa karibu na lango la shule yetu. Siku ya kwanza aliponiona nimekaa peke yangu na kopo la samaki, alisikitika sana, akaanza kunipimia maziwa ya ngamia asubuhi na jioni, maziwa yenye harufu ya moshi kwa sababu kibuyu chake hufukizwa kwa kijinga cha moto, na nikayapenda mpaka nikawa namwandikia Mwende sifa zake katika kila barua, ukurasa mzima. Katika barua yake ya mwisho aliniandikia, "Umeyasifu mno hayo maziwa, usije na maneno tu, njoo nayo nionje." Eedo Habiba nilipomwambia, alinikamulia alfajiri ya safari kutoka kwa ngamia wake mwekundu, mmoja wa wachache waliobaki baada ya vita kupita kwenye zizi lake, na akakataa kuyapokelea hata senti. "Ya bibi yako," alisema. Nikamwambia si bibi yangu bado. "Haye, maalim. Basi ya kumfanya bibi."

Maziwa hayo niliyatia kwenye mfuko wa turubai. Kila aliyepita njia za huko anaijua mifuko ile: kila lori na kila Land Rover ilikuwa na mmoja umening'inia mbele, juu ya bampa, umejaa maji, na kadiri gari linavyokwenda ndivyo upepo unavyoupiga ule unyevu wa turubai, na dereva akisimama jangwani anakunywa maji baridi kama ya kisimani. Niliuona huo kuwa uvumbuzi mkubwa kuliko vyote nilivyofundishwa Kampala. Na nilikuwa na hofu moja tu, kwamba maziwa yangemfikia Mwende yakiwa ya moto na yameganda, na angeonja kwa heshima na kukunja uso.

Asubuhi ile Kapteni Singh alitua, akafungua kifuniko cha injini ipate kupoa, akapima oili, akaridhika, akafunga. Halafu akachukua tambara jekundu akalisokomeza kwenye kijimdomo kilichokuwa chini ya pua ya ndege. "Hii kila siku nafanya," aliniambia. "Ndege dogo dogo ya msitu naingia hapa kujenga nyumba. Mimi nakwenda kwa Inspekta kuandikisha safari. Veve kaa hapa, angalia mbuzi." (Mbuzi wa Garissa walikuwa wamewahi kula kipande cha bawa, na hakuwasamehe.) "Mimi kiita toka mbali, veve toa tambara. Sawa?"

"Sawa, Kapteni."

Akaenda. Akakaa huko muda mrefu, kwa sababu Inspekta Wafula alikuwa mtu wa kupekua, na vita vilimpa sababu ya kupekua zaidi. Jua likapanda. Nikawafukuza mbuzi. Nikagusa mfuko wangu wa maziwa, nikauona umeanza kupata joto, nikauzungusha kivulini chini ya bawa, kivuli nacho kikawa cha moto. Kisha nikamwona Kapteni akirudi mbio, ananipungia mkono kwa mbali na kupiga kelele kwamba tumechelewa. Nikainama, nikachomoa tambara kama nilivyoagizwa. Upepo wa asubuhi ukavuma ndani ya kile kijimdomo, nikausikia ukipuliza huko ndani, mzuri, wa moja kwa moja.

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini tambara lazima litolewe. Mimi nilijiuliza kwa nini upepo wote ule upotee bure. Nikauchukua mfuko wangu, nikaulowesha kwa maji, nikauingiza mle polepole mpaka ukakaa vizuri kabisa, kama mto ndani ya foronya, nikaufunga kwa kamba kwenye chuma kimoja nilichokiona ndani, nikatia tambara mfukoni mwa koti na kupanda kwenye kiti changu nikijiona dereva wa lori la angani.

Kapteni hakuchungulia tena. Kwa nini achungulie? Alikuwa ameniachia mtu msomi.

Tukapaa. Sijui kama mmewahi kuanza kupakumbuka kwa huzuni mahali ambapo bado hamjapaacha, lakini nilipouona mto Tana chini yetu na ukanda wake wa kijani, na mji umekuwa mdogo, moyo ulinienda mbio, nikaanza kufanya mazoezi ya swali langu kimoyomoyo. Nilikuwa na matoleo matatu. La kwanza lilianza na habari ya mshahara, nikalitupa. La pili lilikuwa refu sana. La tatu lilikuwa maneno machache tu, na nilikuwa nayarudia yale, midomo ikicheza, Kapteni Singh alipogonga kioo cha geji kwa ukucha.

"Oili naanza panda," alisema.

"Inapanda wapi?"

"Moto, mwalimu. Moto ya oili." Akagonga tena. Mshale ukatetemeka, ukabaki palepale, karibu na mstari mwekundu. "Geji iko mzee kama mimi. Pengine nasema uongo." Akaangalia geji nyingine ya pembeni, ile ya nguvu ya oili, nayo ilikuwa inashuka. "Hapana. Hii mbili hapana weza sema uongo moja. Oili imekuwa maji."

Akashusha pua ya ndege tuache kupanda, ili tuende kasi na injini ipate upepo zaidi. Tukangoja. Mshale ukaendelea. Akaongeza petroli, kwa sababu (alinieleza akipiga kelele juu ya ngurumo) injini ikilishwa kwa uchache huchemka. Tukangoja. Mshale ukagusa mstari mwekundu. Akapunguza mwendo wa injini. Mshale ukavuka.

"Veve naskia harufu?" aliniuliza.

Nilikuwa naisikia. "Kama chai ya maziwa," nilisema.

"Injini hapana pika chai."

"Labda kuna watu wanapika huko chini, Kapteni."

Akaniangalia, akaangalia chini, kichaka kitupu mpaka mwisho wa macho, na sisi juu yake kama tai. Kisha kama mtu aliyekumbuka jambo akageuka kwa ukali: "Tambara! Veve natoa tambara?"

"Nilitoa!" nikasema, na nikalichomoa mfukoni, nikalipeperusha mbele ya uso wake, jekundu, kamili, ushahidi wa mtu anayetimiza maagizo. "Hili hapa!"

"Sawa," akasema kwa huzuni. "Basi siyo mdomo." Na akaanza kugeuza ndege.

Nilimshika mkono. Naona haya kusema lakini nilimshika rubani mkono angani. "Kapteni, hatuwezi kwenda polepole tu? Kuna mtu ananingoja."

"Oili kiwa maji, injini nashika, nasimama. Injini kishika, sisi nashuka msituni. Kule chini iko shifta na iko askari, na wote nataka uliza sisi nani, na wote iko na bunduki." Akaniona uso. Sauti yake ikalegea. "Mimi natengeneza mbio, mwalimu. Mchana tunapaa tena. Jua bado iko."

Tukarudi. Na huko nyuma hakuna aliyekuwa akitutarajia, kwa hiyo ndege iliyoondoka muda mfupi uliopita ikirudi kimyakimya, injini imepunguzwa, inateleza juu ya paa za bati, ilitafsiriwa na kila mtu kwa namna moja tu: imepigwa risasi. Tulipogusa ardhi, askari walikuwa tayari wamelala kifudifudi kandokando ya kiwanja, Land Rover ya Inspekta inakuja na vumbi lake, na nyuma ya askari mji mzima, wauza mirungi, wazee wenye fimbo, wanafunzi wangu wa kidato cha pili, na Eedo Habiba na kibuyu chake begani.

Kapteni Singh aliruka chini na kufungua kifuniko, akaungua vidole, akatukana kwa Kipunjabi. Akachomoa kijiti cha kupimia: oili ilikuwa imejaa. Akaisugua kati ya vidole: nyepesi kama maji ya mchele. Akaangalia kama kuna bomba lililopasuka, hakuna. "Basi iko kilango," akasema, "kilango ya kupeleka oili kwa rejeta. Kishika, oili hapana pita kwa rejeta, hapana poa." Akaanza kufungua nati.

Na mimi, badala ya kukaa kimya, nikageukia umati uliokuwa ukiuliza kuna nini, nikaanza kufundisha. Nilieleza kwa ufasaha mkubwa kwamba hewa ya huku ni nyepesi kwa ajili ya joto, na injini hii ilitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, na kwamba tatizo lote kwa kweli ni la kijiografia. Wanafunzi wangu walitikisa vichwa. Mzee mmoja akauliza kama nimemaliza.

Inspekta Wafula hakuwa na haja na jiografia. "Nani alikuwa na hii ndege kabla haijaondoka?" aliuliza.

"Mimi, afande."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Hakuna mtu aliyeigusa. Naapa."

"Hata mbuzi?"

"Hata mbuzi."

Ni kana kwamba waliitwa. Mbuzi mmoja mweupe mwenye doa jeusi alipenya kati ya miguu ya askari, akaenda moja kwa moja chini ya pua ya ndege, akaanza kulamba ardhi. Akaja wa pili. Wa tatu akasimama kwa miguu ya nyuma, akaegemea ndege ya serikali kwa kwato mbili, akaanza kunyonya kile kijimdomo.

Kitu cheupe kilikuwa kinadondoka, tone kwa tone, na kilikuwa kinafuka moshi.

"Ndege yenu iko jike!" sauti moja ikapaza kutoka nyuma, na Garissa ikaanguka kwa kicheko. "Mkamueni kabla ya ndama kumaliza!"

Kapteni Singh alimsukuma mbuzi, akapiga magoti, akaingiza mkono, akavuta. Kamba yangu ikakatika. Mfuko wangu ukatoka, umevimba, umechemka, unapumua mvuke, na nyuma yake nikaiona kwa mara ya kwanza rejeta ndogo ya oili, matundumatundu yake yote yameziba kwa mtindi. Akaushika mfuko mbele yangu. Akauchomoa ule mkono mwingine, akanyoosha kiganja, nikaelewa anataka tambara lake. Nikampa.

Kicheko kilikuwa bado kinaendelea Eedo Habiba alipofika mbele, akauchukua mfuko, akanusa. Uso wake ukabadilika. "Imebikwa," akasema kwa sauti ndogo. Kisha kwa sauti kubwa, akiwaambia watu wote: "Maziwa ya ngamia yangu imebikwa! Ndani ya ndege!"

Wazee wakaacha kucheka palepale. Kwa watu wa bara maziwa kuchemka ni usafi, lakini wafugaji wa huko maziwa ya ngamia hawayapandishi motoni, wanasema ukiyachemsha unamkausha ngamia mwenyewe aliko, na huyu mama hakuwa na ngamia wa kuchezea. "Maalim," aliniambia, "nani alikuambia maziwa ya ngamia nakunywa baridi? Nakunywa na joto ya ngamia! Ungeniuliza, wallahi, ungeniuliza!"

Na hapo Inspekta akasikia kile alichotaka kusikia. "Kwa hiyo haya maziwa ni yako, mama," alisema. "Umeyaleta kiwanjani. Yamepatikana ndani ya injini ya ndege ya serikali. Panda Land Rover."

Hakuna aliyecheka tena. Nyinyi mliokulia wakati mwingine hamwezi kujua kimya kile kilikuwa kimya gani. Miaka ile mtu alipanda Land Rover asubuhi kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na nyumbani kwake wakaanza kuuliza kambi hadi kambi. Eedo Habiba hakusogea. Aliinamisha kichwa, akaanza kufunga kilemba chake vizuri, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Afande," nikasema. Nikasogea mbele. "Afande, maziwa ni yangu. Mfuko ni wangu. Aliyeuweka pale ni mimi, kwa mkono wangu, yeye hakuwepo."

"Uliweka kwa nini?"

"Ili yapoe."

Inspekta aliutazama mfuko, akanitazama mimi. Kisha akamwita Konstebo Abdi, askari kijana aliyekuwa akimtafsiria. "Simama hapo juu ya ngazi ya ndege. Kila anachosema huyu mwalimu, kiseme kwa Kisomali, kwa sauti. Sitaki jioni niambiwe shifta wameangusha ndege. Mwalimu, anza. Yapoe kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mtu Nairobi."

Abdi akatafsiri. "Mtu gani?" akaendelea Inspekta.

"Msichana, afande. Anaondoka leo kwenda ng'ambo kusomea uuguzi. Alitaka kuonja."

Abdi akatafsiri, na akatafsiri kwa muda mrefu kuliko nilivyosema. Kina mama wakashika videvu. "Umesema nini?" nikamwuliza.

"Nimesema hulali usiku."

"Sijasema hivyo!"

"Lakini ndivyo?"

Nilitazama nyuso zile zote, wanafunzi wangu wamo, mwalimu mkuu wangu amefika na baiskeli. "Ndivyo," nikasema. Abdi akatangaza kwamba nimekiri.

"Huyo ni mchumba wako?" akauliza Inspekta, na nadhani hapo hakuwa akiuliza tena kama polisi.

"Bado. Sijamwuliza."

"Hujamwuliza?"

"Nilikuwa nakwenda kumwuliza leo, afande. Alisema maswali mengine mtu haandiki."

Abdi alipomaliza hiyo, umati ulitoa sauti moja, ndefu, kama pumzi. Mzee mwenye fimbo akauliza kitu. "Anauliza," Abdi akasema, "kwa nini hukumwuliza kwanza, halafu maziwa baadaye."

Nikautazama ule mfuko mikononi mwa Eedo Habiba.

Inspekta Wafula alivua kofia, akajifuta jasho, akamwambia Eedo Habiba aende nyumbani kwake salama. Naye kabla ya kwenda alimwaga yaliyobaki mfukoni taratibu chini, akimwombea dua ngamia wake, kisha akanipiga mgongoni kofi lililonitia kikohozi. (Ngamia hakukauka, alhamdulillahi. Nilikuwa nikienda kumwangalia kila siku, kuliko nilivyowahi kumwangalia mgonjwa yeyote.)

Kapteni Singh alikuwa ameketi chini ya bawa. Rejeta ingesafishika, alisema, lakini oili ilikuwa imeungua, imekufa, na Garissa nzima haikuwa na oili ya ndege. Nilimkimbilia mwuza vipuri wa malori, nikarudi na debe la oili ya malori. Akalinusa, akatikisa kichwa. "Mwalimu, mimi iko na watoto." Oili ingekuja kwa msafara. Lini, hakuna aliyejua. Nikakaa chini karibu naye. Baada ya muda akanipa nusu ya chapati yake, tukala.

Watu hawakuondoka. Sijui kwa nini, pengine kwa sababu siku zile hakukuwa na jambo la kuchekesha hata moja, na hawakutaka hili liishe. Walikaa makundi makundi, wakanipitishia chai, wakanitania ("Mwalimu, chai hii ipoze kwa Land Rover!"), nami nikawa nahesabu moyoni: sasa amefika uwanjani, sasa dada yake anambebea mkoba, sasa anatazama mlangoni.

Alasiri ikielekea jioni, karibu na saa ya watu kuanza kukimbilia nyumbani, ndege kubwa ikatokea juu sana upande wa kusini magharibi, ndogo kama sindano, na mstari mweupe nyuma yake. Kila mtu akainua kichwa. Kisha mmoja mmoja wakanigeukia mimi.

"Maalim," Konstebo Abdi akauliza, kwa upole ambao hakuutumia asubuhi, "ni yeye?"

Nilisomea jiografia. Nilijua kwamba ndege inayotoka Nairobi na kukata juu ya Garissa inakwenda Aden au Bombay, na kwamba ya Entebbe inaelekea kinyume kabisa, na kwamba saa ile Mwende alikuwa bado hajapanda, bado amekaa kwenye benchi na begi miguuni, akigeuka kila mlango unapofunguliwa.

"Ni yeye," nikasema.

Abdi akawaambia. Na watu wa Garissa, waliokuwa wamenicheka mchana kutwa, wakasimama wote, wazee, wauza mirungi, wanafunzi, Inspekta mwenyewe na kofia yake mkononi, wakaipungia mikono ndege iliyokuwa ikienda Aden. Wakaipungia mpaka ikapotea. Nami nikapunga nao. Na nitawaambieni, kwa nusu dakika hivi niliamini.

Hadithi hiyo ilifika Buna na Bute, kaskazini kabisa, kwa redio ya polisi kabla msafara wa oili haujafika kwetu, na dereva mmoja kutoka Eldas alisimamisha lori makusudi mbele ya shule ili amwone mwalimu aliyechemsha ndege. Nilizoea. Barua ya Mwende kutoka Uingereza ilikuja baada ya mwezi, ya upole sana, na haikuuliza kitu. Nilimweleza yote, akaandika kwamba alicheka. Baadaye barua zikawa fupi, zikawa kadi za Krismasi, na kadi ya mwisho ilikuwa na majina mawili chini. Nilioa nami, nina mke mwema, ambaye ameisikia habari hii mara nyingi na huwa anatoka sebuleni ikifika kwenye ile ndege ya Aden.

Ndugu zangu wananilaumu kwamba nikitembelea watu naenda mikono mitupu, hata kwa wakwe, hata Krismasi, na wameniita mchoyo mbele ya watoto wangu. Waseme. Nikiwa na hamu ya kumwona mtu siku hizi, siulizi anapenda nini, sipitii sokoni, sifungashi chochote. Navaa viatu naenda.